Mchanga Unaoyakimbia Maji

Kabla sijasema lolote naomba mtazame hapa mezani. Kuna mirija mitatu mirefu ya kioo, na kila mmoja una lita moja ya maji na kijiko cha mchanga. Vitako vyake vina vitundu vidogo mno, na chini nimeunga pampu ya hewa, ile ya tangi la samaki. Mchanga nimeuchota mtoni, nikauchekecha nikabakiza punje laini tu, nikauosha mpaka maji yakatoka safi. Sikutaka wa ufukweni, kwa sababu mchanga mweupe wa pwani yetu mwingi ni matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa, na chokaa ina habari zake. Huu wa mtoni ni kwatzi, na kwatzi ni silika, oksidi ya silikoni.

Mrija wa kwanza una maji matupu. Katika wa pili nimetia miligramu 18 za chumvi iitwayo setili-trimethili-amonia bromidi, ndugu wa karibu wa ile iliyomo kwenye kondishona ya nywele. Ukiiweka miligramu 18 juu ya ukucha, ukucha hauenei. Katika mrija wa tatu nimetia gramu 2 za chumvi hiyohiyo, zaidi ya mara 100 ya ile ya pili. Sasa nafungua hewa.

Wa kwanza: viputo vinapanda, mchanga unarukaruka kidogo na kutulia palepale. Wa pili, tazameni vizuri. Kila kiputo kinapanda kimevaa mchanga kwa chini, kama mtu aliyejifunga msuli wa kijivu. Juu ya maji pameanza kufanyika utando mzito wa punje kavu. Nikiuchota kwa kijiko na kuupuliza, unapeperuka. Wa tatu: povu limejaa hadi linamwagika mezani, jeupe, zuri, na ndani yake hamna kitu isipokuwa punje chache zilizobebwa na vurugu la maji. Mchanga umelala chini kama katika mrija wa kwanza.

Mrija wa tatu ndio ulionifanya niombe kuja kuzungumza leo. Wa pili unashangaza, lakini watu wengi wakishauona huondoka wakiamini kwamba dawa hufanya kazi na basi. Wa tatu ni dawa ileile, mchanga uleule, maji yaleyale, ila dawa ni nyingi zaidi, na kazi yote imefutika. Mtu anayetia dawa kiwandani bila kuijua sababu ataona kazi imezorota, ataongeza tena, na itazidi kuzorota.

Tuanze na molekuli yenyewe. Sabuni, shampuu, kondishona, sabuni ya unga, zote zina molekuli za aina moja kwa umbo: kichwa kinachopatana na maji, na mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni usiopatana nayo. Wanakemia huziita safaktanti. Mkia wa hii niliyotia una kaboni 16. Ule wa sabuni nyingi za unga na shampuu una kaboni kama 12, na katika shampuu kaboni 12 hizo asili yake mara nyingi ni nazi au kokwa la mchikichi; karibu nusu ya asidi zilizomo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 kamili. Mkia wa namna hiyo ukinyoshwa una urefu wa nanomita 1.67. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

Watu husema mkia unayachukia maji. Mimi naona ni afadhali kusema maji yenyewe yanashikana mno. Molekuli za maji zimeshikana mikono pande zote, na mkia ukiingia kati hauna mkono wa kutoa. Maji yanajipanga upya kuuzunguka, na mpango huo yanaulipia. Yakipata nafasi ya kuusukuma pembeni yanausukuma: juu kabisa penye hewa, kwenye tone la mafuta, kwenye mkia mwingine ulio jirani. Safaktanti zikiwa nyingi ndani ya maji, mikia hukutana yenyewe kwa yenyewe, ikajificha katikati na vichwa vikabaki nje. Kifungu hicho kinaitwa mizeli. Kwa safaktanti maarufu ya shampuu, sodiamu dodesili salfeti, mizeli huanza pale ukolezi unapofika gramu 2.3 hivi kwa lita. Chini ya hapo molekuli zinatembea moja moja. Kwa hii ya mkia wa kaboni 16 kizingiti kiko chini zaidi, kama theluthi ya gramu. Kumbukeni kizingiti hicho: mrija wa pili uko chini yake sana, na wa tatu umeshakivuka.

Sasa punje ya mchanga. Tunaifikiria kama kitu kilichokufa, jiwe tu. Ndani ni kweli, kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne na hakuna kinachotikisika. Lakini kwatzi ikivunjika, pale ilipovunjikia panabaki silikoni na oksijeni zisizo na wenzake, na maji hayaziachi hivyo. Mara moja yanazivalisha vikundi vya oksijeni na hidrojeni. Silika iliyovalia kikamilifu ina vikundi kama 5 katika kila nanomita moja ya mraba. Uso wa jiwe majini, kwa hiyo, si jiwe tena. Ni vazi ambalo maji yenyewe yameshona.

Na vazi hilo lina tabia. Kila kikundi kinaweza kuitoa hidrojeni yake ikaenda zake majini kama ioni chanya, na uso ukabaki na chaji hasi. Au kinaweza kupokea hidrojeni nyingine kutoka majini, na uso ukawa chanya. Kipi kitatokea kinategemea maji yana asidi kiasi gani, yaani pH yake, na kinategemea ni oksidi ya nini. Kila oksidi ina pH yake ambapo chanya na hasi zinalingana na uso hauna chaji. Kwa silika ni karibu na 2. Kwa alumina, oksidi ya alumini, ni kati ya 8 na 9. Hematiti, ile oksidi nyekundu ya chuma, iko kati, mara nyingi 6 hadi 8 kutegemea ilikotoka na ilivyosafishwa. Magnesia iko juu kabisa, zaidi ya 12. Maji yakiwa na pH iliyo juu ya namba hiyo, uso ni hasi. Yakiwa chini yake, uso ni chanya.

Chukua basi maji ya kawaida ya pH 7, utie punje ya kwatzi na punje ya alumina. Ni maji mamoja, lakini kwatzi imevaa hasi na alumina imevaa chanya. Safaktanti ya kondishona, ambayo kichwa chake ni chanya, itavutwa na kwatzi na kuipita alumina. Safaktanti ya shampuu, yenye kichwa hasi, itafanya kinyume. Kuna mvulana aliwahi kuniuliza kwa nini kondishona inakaa kwenye nywele na shampuu inatoka yote. Nywele zilizolowa zina chaji hasi kama kwatzi. Jibu lake ni hilohilo.

Kitendo hiki cha molekuli kuja kukaa juu ya uso, bila kuzama ndani ya jiwe, wanakemia wanakiita adsopsheni. Mimi nitasema kunata, ingawa neno hilo lina hatari yake: linatufanya tufikirie gundi, kana kwamba kila molekuli imebandikwa na uso peke yake. Kwa muda mrefu wataalamu nao walidhani chaji ndiyo habari yote. Mwaka 1955 Antoine Gaudin na Douglas Fuerstenau walichapisha vipimo vyao juu ya kwatzi na safaktanti zenye vichwa chanya, na hapo jambo jipya likaonekana. Kwenye ukolezi mdogo, ioni za safaktanti zilikaa usoni kama ioni nyingine yoyote ya chumvi. Ukolezi ulipopanda hadi kiasi fulani, kilicho chini sana ya kile cha mizeli, ghafla zikaanza kumiminika. Maelezo yao yalikuwa kwamba mikia imekutana. Walikiita kifungu hicho nusu-mizeli, kwa vile kimelalia uso upande mmoja.

Mwaka 1966 Fuerstenau na Ponisseril Somasundaran, mzaliwa wa Kerala huko India, wakalirudia jambo hilo kwa alumina na safaktanti yenye kichwa hasi. Grafu waliyoichora naichora ubaoni kila mwaka na sijaichoka. Mwanzoni mstari unapanda polepole: ioni moja inakuja, inachukua nafasi ya ioni ya chumvi iliyokuwa inalinda chaji ya uso. Kisha unapinda na kupanda kama ukuta. Hapo wanaovuta si uso peke yake. Aliyetangulia anamvuta anayefuata, mkia kwa mkia. Baadaye mpando unapungua, na wakati huohuo ukiipima punje katika uwanja wa umeme unakuta imebadili upande: ilikuwa chanya, sasa ni hasi. Uso umeshalipwa chaji yake yote na bado safaktanti zinakuja, zikisukumwa na vichwa vya wenzao na kuvutwa na mikia yao. Mwishowe mstari unalala. Umefika kwenye kizingiti cha mizeli, na tangu hapo kila molekuli unayoongeza inaingia kwenye mizeli badala ya kwenda usoni.

Mrija wa pili na wa tatu ni sehemu mbili za grafu hiyo. Katika wa pili molekuli zimekaa vichwa vikigusa kwatzi, mikia ikitazama maji. Kwa maji na hewa, punje hiyo ni kama imepakwa mafuta. Kiputo kikiigusa, maji yanatoka kati yao kwa haraka na punje inaningʼinia. Katika wa tatu safu nyingine imekuja juu ya ya kwanza, mikia kwa mikia, vichwa vikatazama nje, na vichwa vinapatana na maji. Punje imerudi kuwa rafiki wa maji, tena kuliko mwanzo. Na kiputo nacho kimevaa safu ya safaktanti hizohizo, vichwa vyake chanya vikitazama nje, kwa hiyo punje na kiputo vinakutana vyote vikiwa chanya na vinasukumana.

Naongeza sahihisho, maana sipendi muondoke na picha iliyo safi kuliko ukweli. Nikisema safu mnafikiria mkeka uliotandikwa. Mwaka 1995 Srinivas Manne na Hermann Gaub walichapisha katika jarida la Science picha za nyuso hizi zikiwa ndani ya maji, zilizopigwa kwa hadubini ya nguvu za atomu. Hadubini hiyo haina lenzi. Ina ncha kali inayopapasa. Wao hawakuiacha ncha iguse, waliisimamisha juu kidogo, ikisukumwa na chaji tu, ili isiharibu kilicho chini. Juu ya grafiti waliona nusu-bomba ndefu zilizolala sambamba. Juu ya maika, ambayo ni bapa na ina chaji nyingi, waliona mabomba mazima. Juu ya silika waliona vijidonge, kimoja kimoja, kama punje za uwele zilizomwagwa sakafuni. Kwa hiyo safu ninayoichora ubaoni ni wastani tu. Jiwe lililo chini ndilo linaloamua molekuli zikae kwa umbo gani, na silika haikubali mkeka kwa urahisi.

Kazi hii nimeijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa vitabu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa unga wa silika uliokuwa na eneo la mita za mraba 200 kwa kila gramu. Hebu pigeni hesabu: gramu 36 za unga huo, ambazo zinaenea kwenye kikombe kikubwa, zina uso unaotosha kiwanja kizima cha mpira. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Unapima unga, unautia kwenye chupa zenye mimumunyo ya ukolezi tofauti, unatikisa usiku kucha, unazungusha kwa mashine hadi unga ushuke, kisha unapima safaktanti zilizobaki majini. Zilizopungua ndizo zilizonata.

Nilipofika kwenye alumina na safaktanti zenye kichwa hasi, nilipima kwa rangi ya methilini buluu na klorofomu. Klorofomu inakaa chini ya maji bila kuchanganyika. Rangi ya buluu ikikutana na safaktanti hasi wanashikana na kushuka pamoja kwenye klorofomu, na maji ya juu yanabaki meupe. Unadondoshea safaktanti chanya tone kwa tone, unatikisa, unangoja. Polepole buluu inaanza kupanda. Siku nzima unatazama rangi ikivuka mstari mmoja, unasimama pale sehemu ya juu na ya chini zinapolingana kwa ubuluu, unaandika namba. Macho yakichoka, namba zinachoka nayo.

Kwa miezi miwili namba zangu hazikurudiana. Nilikuwa na makosa mawili, na yote mawili yana funzo la kikemia, ndiyo maana nayasimulia. La kwanza, kwenye mimumunyo hafifu sana ya safaktanti chanya, chupa zangu zilikuwa za kioo. Kioo ni silika kwa sehemu kubwa. Chupa ilikuwa inakula safaktanti kabla unga haujapata, na mimi naandika kwamba unga ndio uliokula. La pili, kwenye alumina, nilipima pH mwanzoni tu. Ioni hasi ya safaktanti inapokaa usoni, ioni za haidroksidi hutolewa kuja majini, na pH hupanda. Nilidhani napima kwa pH 7 kumbe kila chupa ilikuwa na pH yake. Msimamizi wangu hakunikaripia. Alichukua daftari, akachora mstari kando ya kila namba, akaandika: pH baada? Tangu siku hiyo sijasaini kazi ya mwanafunzi isiyo na safu mbili za pH.

Turudi nyumbani kidogo, kwa sababu oksidi hazikai maabara tu. Sufuria ya alumini unayoiosha kila jioni, sponji yako haigusi alumini. Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe. Maji, sabuni na mafuta ya samaki vyote vinagombania uso wa alumina. Na udongo mwekundu unaoshika kwenye sare za shule, wekundu wake ni oksidi za chuma, vipunje vidogo mno vilivyojibanza kati ya nyuzi za pamba. Pamba majini ina chaji hasi. Sabuni ya unga hufanya maji yawe na pH ya 10 hivi, na hapo oksidi ya chuma nayo imeshakuwa hasi. Safaktanti hasi zinazonata kwa mikia kwenye uchafu na kwenye nguo zinaongeza chaji hiyo pande zote mbili. Kipunje na uzi vinasukumana, na mkono wa mfuaji unamalizia. Bibi zetu waliofulia magadi na majivu hawakuwa na neno pH, lakini walilijua jambo lenyewe kwa mikono yao.

Ya migodini ni mengi na nitachagua. Neno makinikia lilienea Tanzania nzima mwaka 2017, makontena yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam. Wengi waliojifunza neno hilo hawakuambiwa makinikia hupatikanaje: mwamba unasagwa, unatiwa maji na dawa, unapulizwa hewa, na madini yenye shaba na dhahabu hupanda na povu kama mchanga wa mrija wa pili. Yale yalikuwa madini ya salfaidi, yenye dawa za aina nyingine, kwa hiyo siyagusi zaidi.

Karibu zaidi na mada yetu ni Kolwezi, katika Katanga ya zamani nchini Kongo, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili mgodini. Pale malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lilieleshwa kwa mafuta ya mawese. Mawese yalivunjwa kikemia kupata asidi zake, yakachanganywa na dizeli, yakatiwa kwenye tope la mwamba. Malakiti si oksidi hasa, ni kabonati, ingawa wachimbaji huita mawe yote ya jinsi hiyo oksidi. Kichwa cha asidi ya mawese hushikana na shaba kwa kifungo cha kikemia, si kwa chaji tu. Mawese yalifaa pale shaba ilipochanganyika na miamba ya silika. Mwamba ukiwa dolomiti ilikuwa shida, kwa maana dolomiti ina kalisi na magnesi, na asidi ya mawese hushika hizo vilevile, kama sabuni inavyoganda kwenye maji magumu ya kisima. Ikabidi kwa mawe hayo watumie njia nyingine, ya kuivika kwanza malakiti ngozi ya salfaidi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Brazili, katika milima ya chuma ya Minas Gerais. Mwamba wa pale, itabiriti, ni matabaka membamba ya hematiti na kwatzi yaliyopishana kama kurasa. Ukiusaga unapata unga wa oksidi mbili, nyekundu na nyeupe, na unatakiwa uzitenganishe. Wao wanaielesha kwatzi na kuacha chuma chini. Maji wanayapandisha hadi pH ya 10 na zaidi kidogo. Safaktanti yao ni amini, yenye kichwa kinachokuwa chanya kikipokea hidrojeni.

Mtu aliyenisikiliza vizuri ataniuliza: kwenye pH ya 10 kwatzi ni hasi na hematiti nayo ni hasi, amini itaachaje kuzishika zote mbili? Swali sahihi kabisa. Jibu ni uji. Wanachukua wanga wa mahindi, wanaupika kwa maji na magadi makali ya sodiamu mpaka unavimba na kuwa mzito, wanauyeyusha, wanautia kwenye tope kabla ya amini. Wanga hushika hematiti kuliko unavyoshika kwatzi. Molekuli yake ni kubwa mno ukilinganisha na amini, na imejaa vikundi vinavyopenda maji. Ikishailalia punje ya chuma, hata amini ikipata pa kukaa, mkia wake umefunikwa na uji, na kiputo hakioni chochote cha kushika. Kwatzi inabaki uchi, amini inaivaa, povu linaichukua.

Na kwa nini pH ya 10 hasa? Hapo ndipo amini karibu nusu yake ina chaji na nusu haina. Zenye chaji hukaa usoni, lakini vichwa vyao vinasukumana, haviwezi kubanana. Zisizo na chaji huja kuketi katikati yao na kupunguza msukumano, mikia ikabanana kuliko ambavyo aina moja peke yake ingeweza. Ukipandisha pH kupita kiasi, karibu zote hupoteza chaji, hakuna wa kutangulia usoni, na kwatzi inaacha kuelea. Gaudin na Fuerstenau wangeitambua kazi hiyo mara moja: mkia kumwita mkia, na kichwa kisicho na chaji kuwa msuluhishi kati ya vichwa vinavyogombana.

Kwatzi iliyoeleshwa lazima iwekwe mahali. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la Fundão, hukohuko Brazili karibu na mji wa Mariana, lilipasuka. Mabaki ya mchanga uliotengwa na chuma yalifunika kijiji cha Bento Rodrigues na kushuka Mto Doce zaidi ya kilomita 600 hadi baharini. Watu 19 walikufa. Si safaktanti iliyolipasua bwawa. Mchanga uliolowa ulipoteza nguvu zake na kugeuka uji. Ila nawaambia wanafunzi wangu kwamba ukijifunza kuuondoa mchanga kwenye chuma, umejifunza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali utakapouweka na ni nani anaishi chini yake.

Tumalizie hapa mezani. Mrija wa pili bado unafanya kazi, utando wa mchanga umekuwa mnene. Nadondosha asidi ndani, kidogo kidogo, na mwanafunzi wangu anasoma pH kwa sauti. Sita. Tano. Bado hakuna kilichobadilika. Nne. Tatu, na sasa tazameni chini ya utando, punje mojamoja zinaachia. Hidrojeni zinarudi kwenye vazi la kwatzi, chaji hasi inapungua, vichwa chanya vinakosa cha kushika. Mbili na nusu. Naacha hewa iendelee, natikisa utando kidogo kwa ufito wa kioo. Mbili. Zinashuka kwa makundi sasa, na viputo vinapanda vikiwa vitupu.